Koti la Afisa Kazi

Afisa kazi alikuwepo siku zote, maana koti lake lilikuwepo. Lilikaa kitini tangu asubuhi, limetanua mabega, na kila nilipouliza niliambiwa, "Ametoka kidogo, mama, subiri."

Subira ya wapi? Nilifukuzwa kazi ya kufua mashuka hotelini kwa kuomba mkataba wa maandishi. Nilipeleka malalamiko kahawa ikiwa maua. Kahawa ikaiva, tukaichuma, tukaianika, na mimi bado nashuka kutoka Kibosho kuja Moshi kutazama koti.

Jana nikafika, nikakuta ndani ya koti kuna mtu! Afisa kazi mwenyewe, Bwana Kileo, anatabasamu, ameshika jani la isale.

"Lukresia dada yangu, bosi wako ameleta hili. Anakuomba msamaha, urudi kazini, na mkataba atakupa. Wewe ni Mchagga, unajua isale haikataliwi. Tufunge jalada."

Ni kweli, haikataliwi. Kwetu hata aliyemwaga damu ya ndugu yako akikuletea isale, unasamehe. Nikalipokea jani kwa mikono miwili, roho ikiniwaka.

"Nimemsamehe," nikasema.

Bwana Kileo akashusha pumzi. Akavua koti, akalivisha kiti, akaelekea mlangoni. Nikasimama, nikamzibia njia.

"Jani la bosi wangu nimelipokea, Bwana Kileo. Lako liko wapi?"