Uzi wa Pamba Chini ya Dashibodi

Kati ya Magu na Mwanza tulisimama mara nne. Kila mara mshale wa joto ulipopanda kwenye wekundu nilizima injini, mke wangu Tereza akashuka na dumu kutafuta maji ya kuimwagia rejeta, nami nikakaa kwenye bampa kuuhurumia mgongo wangu.

Landrova ile ilikuwa ya kampuni ya pamba niliyoiendeshea ujanani. Mwaka tisini na nne kampuni iliuzwa, magari chakavu yakauzwa nayo, nikainunua. Majirani niliwaambia injini yake ina damu ya moto, imewahi kuivisha maharage ya msiba mzima. Tereza hakucheka. Maji alibeba yeye.

Siku hiyo binti yetu Modesta alikuwa anafunga ndoa Sengerema saa kumi. Tukikosa kivuko cha saa saba, ataingia kanisani bila baba. Saa sita na nusu bado tulikuwa Nyamagana, mshale juu, kwa fundi Nkwabi.

Nkwabi alifungua rejeta kwa kitambaa, taratibu. Maji yalikuwa yametulia, hata povu hayana.

"Mzee, gari halichemki. Geji ndiyo inadanganya."

Akachomoa waya wa geji pale kwenye injini. Mshale ulipaswa kulala. Ukabaki juu vilevile. Basi waya umegusa chuma mahali fulani, akasema, akajilaza chali chini ya dashibodi, akaufuata kwa vidole. Akatoka na uzi wa pamba, mweusi kwa mafuta. Mtu aliuchubua waya makusudi, akaufunga uzi: ukiuvuta, waya unagusa chuma, mshale unapanda, ukiuachia, unashuka. Siku hizi uzi ulikuwa umelegea, na kila shimo la barabara liliusukuma waya kwenye chuma.

Nikasema madereva wa zamani walikuwa wahuni sana. Amri ya kampuni ilikuwa moja: mshale ukifika kwenye wekundu, gari lisimame nusu saa. Nikamtaja Kashindye, dereva mwenzangu, marehemu, jinsi alivyopenda usingizi.

Tereza akauchukua uzi, akaligeuza fundo lake. Kisha akatazama kamba ya sanduku letu, niliyoifunga alfajiri, mizunguko mitatu na kitanzi pembeni.

"Baba Modesta, marehemu muache apumzike. Fundo hili ni lako."

Lilikuwa langu. Nilikuwa nimelisahau tu. Uongo wangu ni mwingi, siwezi kuukumbuka wote.

Nkwabi akauviringishia waya kipande cha mpira, mshale ukalala. Lakini gatini kivuko kilikuwa kimejaa magari, imebaki nafasi ya watu tu. Nikaiacha Landrova pale kwenye mchanga, nikajitwika sanduku. Majini Tereza alikuwa anakanda viganja vyake.

Ng'ambo tulingoja basi saa mbili nzima, tukafika saa kumi na moja kasorobo. Modesta alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, gauni limeshika vumbi. Baba mkwe wake, Mzee Mayala, akauliza kimetukuta nini. Nilikuwa na kisa cha kiboko tayari, mkubwa, aliyelala katikati ya barabara. Tereza akanitazama tu. Nikaeleza uzi, waya na usingizi, yote kama yalivyokuwa.

Mayala alicheka hadi akashika ukuta. Alisema alishasikia kwamba najua kutunga, ila hii imezidi.

Modesta hakucheka. Alinishika mkono.

"Twende, baba. Nimechoka kusimama."