Gunia la Kuwafunika Konokono

Kijiji kizima cha Ntalikwa kilitucheka tulipoanza kufuga konokono. Mwanajumuiya mwenzangu mmoja aliniuliza kama tunawakamua maziwa. Hakujua kilichotufikisha hapo. Daktari alikuwa amemwambia mume wangu, Octavian, bila kumung'unya maneno: mapafu yameharibiwa na moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na akikausha tumbaku msimu mmoja zaidi, tutamzika.

Basi akaacha. Mtu aliyekulia kwenye tumbaku akawa anachuma majani ya mpapai na matembele, anayaosha, anayapanga kwenye masanduku ya konokono kana kwamba anawaandalia wakwe. Kila asubuhi yuko pale ameinama, anawatazama wakila. Nilimtania kwamba ameoa mke wa pili mwenye gamba. Akacheka mpaka akakohoa. Nilifurahi, sifichi. Nilijua nitazeeka naye.

Oktoba jua likawa kali. Konokono wakikosa unyevu hujifungia ndani ya magamba, hawali, kwa hiyo nikatafuta cha kuwafunika. Stoo kulikuwa na majafafa, yale magunia ya kufungia tumbaku, yamekaa bure tangu tuache kulima. Nikayaloweka, nikayatandaza juu ya masanduku, na kila siku nikawa nayamwagia maji. Maji yakadondokea majani. Niliyaona yale maji yamegeuka rangi ya chai, nikadhani ni vumbi tu.

Siku ya nne hawakula. Siku ya sita tuliwakuta wamelegea nje ya magamba, povu limewatoka, wananuka. Hakubaki hata mmoja.

Octavian alikaa chini, akashika jani la mpapai, akaligeuzageuza.

"Nimewalisha vibaya," alisema. "Hii kazi siiwezi, mama Julieth. Narudi kwenye tumbaku."

Mimi nilikuwa nimeshayanusa yale maji na kuelewa. Siku mbili nilimwacha ajilaumu, na aibu yake ninayo mpaka leo. Siku ya tatu nilimkuta anaziba nyufa za bani kwa udongo, nikashindwa kuvumilia.

"Baba Julieth, si majani yako. Ni mimi. Niliwafunika kwa majafafa, sumu ya tumbaku ikawadondokea."

Hakugeuka. Aliendelea kupaka udongo.

"Najua," alisema. "Niliisikia harufu ya tumbaku tangu asubuhi ya kwanza."

"Sasa mbona hukuyaondoa?"

Kikohozi kikamshika, akaegemea ukuta mpaka kikapita.

"Nilikuwa naenda kuinusa," alisema. "Kila siku nilijiambia kesho nitayaondoa."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, na sasa sikuwa na wa kumwomba. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Akaniambia udongo umekwisha, nimletee mwingine.

Nikaenda, nikamletea.