Nyeupe Isiyoonekana

Jumatatu asubuhi Mthulisi aliingia ofisini na glavu zake za sufi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na kabla hajamsalimia mtu akasema kwamba Nomalanga lazima apunguzwe weusi.

Nomalanga hakuwa mtu. Alikuwa binti wa kuchorwa, wa miaka saba, mwenye gauni la njano na magoti ya mtoto anayeanguka kila siku. Ndiye aliyekuwa nyota wa filamu fupi za katuni ambazo ofisi hiyo ndogo, juu ya duka la vitambaa katikati ya Bulawayo, ilikuwa inatengeneza kwa ajili ya kipindi cha watoto cha televisheni. Mthulisi ndiye mwenye ofisi. Aliyemchora binti, akamchagulia rangi, akampa na tabia ya kununa, ni Sithabile.

"Apunguzwe na nani?" Sithabile aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Na wewe, nani tena? MaTshabangu amenipigia." Huyo MaTshabangu alikuwa mkuu wa kile kipindi cha watoto, na neno lake ndilo la mwisho. "Ameangalia ile sehemu ya jikoni, jioni, kwenye moto. Anasema haoni mtoto. Anaona meno na gauni vinatembea."

Sithabile aliacha kipanya.

"Anataka ngazi tatu tu, Sitha. Kahawia ya kawaida kawaida. Anakuja Ijumaa saa nane mchana. Akimwona binti, tumepona. Asipomwona, utampunguza hapo hapo, yeye amekaa kwenye kile kiti."

Meno na gauni. Mthulisi hakujua alichokigusa, na si kosa lake. Nyumbani kwa mama yake Sithabile, sebuleni, kulikuwa na picha ya shule ya darasa la tatu, watoto thelathini na wanane mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto, pale alipotakiwa kuwepo Sithabile, palikuwa na meno na kola nyeupe ya sare. Basi. Mpiga picha alipoileta alicheka, akasema huyu mngemweka juani. Tangu siku hiyo shule nzima ikamwita Malahle, yaani makaa, na jina hilo alilibeba hadi anamaliza. Kwa hiyo alipopewa kazi ya kumchora mtoto ambaye nchi nzima ingemtazama, alimpa rangi yake mwenyewe, ile ile, bila kupunguza hata chembe.

"Nipe hadi Ijumaa," alisema. "Nitafanya aonekane. Rangi yake haiguswi."

"Mimi siigusi. Mimi hata hiyo kompyuta yako naiogopa."

Tuseme ukweli, MaTshabangu hakukosea. Ile sehemu ya jikoni ilikuwa na giza la jioni, ukuta wa udongo, na uso wa mtoto mbele ya ukuta. Vyote vitatu vilikuwa vimeshikana. Sithabile aliliona hilo, na likamuuma zaidi kwa kuwa ni kweli. Jumanne yote alifanya kile ambacho kila mchoraji wa programu za kompyuta hufundishwa siku ya kwanza: alichukua maumbo ya mwili moja moja, akaondoa ile rangi moja iliyolingana kote, akaweka mpito, yaani rangi inayoanza kahawia nzito upande mmoja na kwenda ikififia hadi nyeupe upande wa pili. Akaweka kwenye paji la uso, pua, mashavu, magoti. Mthulisi alipopita nyuma yake alipiga makofi.

"Huyo hapo! Anaonekana!"

Alionekana kweli. Sithabile akafunga kompyuta, akaenda nayo nyumbani, mtaa wa Nkulumane, amwonyeshe mama yake, kwa maana ushindi usioonyeshwa nyumbani haujakamilika.

Mama yake, MaDlodlo, alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye jua la mwisho la siku, miguu ndani ya blanketi, anachambua viwavi vya kukaushwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaitazama filamu mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu, Mama. Ndiye Nomalanga ninayekwambia kila siku."

"Mama yake yuko wapi?"

"Kwenye hadithi? Ameenda kisimani. Anarudi baadaye."

"Akirudi ampake mafuta." MaDlodlo alisogeza kioo cha kompyuta karibu na pua. "Yaani Julai hii, na upepo huu, unamtoa mtoto mbele ya watu hivi? Tazama magoti! Tazama hayo mashavu, amepauka utadhani amelala jivuni. Mtoto hana mwenyewe huyu."

"Mama, huo ni mwanga. Mwanga wa moto umempiga usoni."

"Mwanga gani wa kupauka? Mimi nimelea watoto watano, kupauka nakujua. Nyie nilikuwa nawapaka mpaka nzi akitua anateleza."

Sithabile alikasirika, akataka kueleza, kisha akatazama tena. Mama alikuwa sahihi. Kila mahali palipokwenda kwenye nyeupe palikuwa na chokaa. Ni ile ngozi ya mtoto aliyeoga maji baridi akakimbia shule bila mafuta, na Bulawayo mwezi wa Julai mama wa mtoto huyo husemwa mpaka mvua zinyeshe. Siku nzima alikuwa amemkazania mtoto wake, na alichomfanyia ni kumwaibisha.

"Hata siku ya ile picha nilikupaka," MaDlodlo alisema, amerudi kwenye viwavi vyake. "Ulitoka hapa unawaka. Yule kijana na kamera yake ndiye hakujua kuangalia."

Jumatano Sithabile alifika kazini na kopo la mafuta ya mgando la mama yake, lile lile linalokaa kando ya redio. Alivua koti, akakunja mkono wa sweta, akajipaka kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kisha akakaa anajitazama mkono.

"Tumefika huko?" aliuliza Mthulisi.

"Nyamaza kidogo, bhudi, kaka yangu."

Mafuta hayakuwa yamebadilisha rangi ya mkono wake hata kidogo. Alipousogeza dirishani, mng'ao ulikuja na ubuluu wa mbingu. Alipousogeza kwenye hita ya umeme, ukageuka wekundu wa nyaya zake. Chini ya mng'ao ngozi ilibaki vile vile, nyeusi tii, yake. Kumbe weusi haukuhitaji kupunguzwa ili uonekane, ulihitaji kuachwa upokee kilicho karibu nao. Alishangaa kwamba ameishi na mkono huo miaka ishirini na minane bila kuujua.

Alifuta kazi yote ya Jumanne. Uso wa Nomalanga akaurudisha rangi yake moja, nzima. Juu yake akaweka maumbo mengine membamba, upande wa moto rangi ya chungwa, upande wa mlango buluu ya jioni, na katika kila umbo akacheza na uzito wa rangi. Katika programu hizi uzito huo hupimwa kwa namba: kwenye mia rangi inaficha kila kilicho chini yake, kwenye sifuri unaona chini kama vile haipo kabisa. Chungwa ilianza na mia kwenye ncha ya shavu, ikaenda ikififia hadi sifuri karibu na sikio. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana, isipokuwa katikati ya safari hiyo, pale chungwa ilipoanza kuyeyuka, palibaki mstari hafifu wa jivu.

Alipunguza umbo, jivu likabaki. Akabadilisha chungwa mara tano. Jivu likabaki tu, linamtazama. Alhamisi saa nne asubuhi umeme ukakatika, betri ya kompyuta ikaisha, na watu wa jengo zima wakaanza kuguna. Sithabile alivaa koti, akachukua karatasi, akachora mashavu kwa penseli ili mkono usilale.

"Sitha, kesho saa nane," Mthulisi alisema kwa upole.

"Najua siku zinavyofuatana."

"Ngazi tatu tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yeye atajua."

"Nani, katuni?"

"Ndiyo, katuni! Na kila mtoto anayefanana naye, amekaa mbele ya televisheni anasubiri kuona kama ataachwa alivyo. Usiniambie tena habari za ngazi tatu, Mthulisi. Nakuheshimu, lakini usiniambie tena."

Mthulisi akaenda kutafuta chai.

Umeme uliporudi mchana, Sithabile hakuchora. Alikaa akajiuliza swali moja la kipumbavu: kama nyeupe zote nimezifuta, hili jivu linatoka wapi? Akafungua mpito wa shavu la kushoto. Kila mpito una vituo viwili, pale rangi inapoanza na pale inapoishia. Cha mwanzo kilikuwa chungwa. Cha mwisho kilikuwa na uzito wa sifuri, kwa hiyo hakuwahi kukiangalia hata mara moja. Ungeangalia nini, na hapaonekani kitu? Akaishika ile namba ya sifuri, akaipandisha taratibu. Kumi. Thelathini. Mia.

Nyeupe ikatokea. Nyeupe pee, imekaa zake pale tangu Jumatano.

Programu ndiyo iliyoiweka yenyewe. Ukiongeza kituo kipya bila kukiambia rangi, inakupa nyeupe, na nyeupe hiyo hata ukiificha kwa sifuri bado ipo. Chungwa ilipokuwa inakwenda kupotea ilikuwa inapitia kwake, inachovya chokaa njiani, na kumpaka mtoto. Sithabile alitoa tusi moja la Nkulumane ambalo siliandiki hapa, kisha akacheka mpaka Mthulisi akarudi mbio na vikombe viwili.

"Nini?"

"Nimempata mchawi."

Akakipa kituo cha mwisho chungwa ile ile, akakirudisha kwenye sifuri. Jivu likaondoka. Shavu liliwaka, mng'ao ukaenda ukififia mpaka ukaishia kwenye weusi bila kuacha alama.

Yalibaki maumbo sitini na moja. Hakuna njia ya mkato, kila umbo lilikuwa na kituo chake na nyeupe yake. Aliyafungua moja moja, paji la uso, pua, mgongo wa mkono, goti la kulia, goti la kushoto, Alhamisi mpaka jengo linafungwa, na Ijumaa tangu jengo linafunguliwa. La mwisho, ukucha wa kidole gumba, alilimaliza saa nane kasoro dakika kumi. Hakuwa amekula.

MaTshabangu alikuja amevaa makoti mawili, akakaa kwenye kile kiti, mkoba mapajani. Jikoni ikatokea kwenye kioo, ukuta wa udongo, jioni. Mwanzoni hapakuwa na mtu. Kisha Nomalanga aliinama kupuliza moto, makaa yakashika, na uso wake ukatokea taratibu gizani, mweusi vile vile, paji la uso linang'aa, mashavu yanang'aa, hata magoti.

"Rudisha," MaTshabangu alisema.

Sithabile akarudisha. Mama huyo alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya skafu, akaivaa tena.

"Nani kampaka mtoto huyu?"

Mthulisi alikohoa. "Sasa Ma, kuhusu ile rangi yake, kama bado unataka..."

"Rangi gani?"

"Jumatatu ulisema ngazi tatu."

"Mthulisi, mtoto wa watu umpunguze ili iweje? Mbona anaonekana?" Akamgeukia Sithabile. "Hujanijibu, binti. Nimeuliza nani kampaka. Maana huyu mtoto ana mwenyewe, hilo halihitaji kuulizwa."

Sithabile alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno ya kutosha, aliyapanga wiki nzima, na sasa hakuna hata moja lililofaa.

"Mama yangu," alisema. "Ni mama yangu ndiye aliyempaka."

Na pale pale, mbele ya mwenye ofisi na mkuu wa kipindi, machozi yakamshuka juu ya mashavu aliyokuwa amejipaka mafuta asubuhi ile.