Joho la Baba Moina

Bawaba ya sanduku ililia gizani. Nilijua ni Chanfi, mume wangu, na nilijua anatafuta nini: tiketi mbili za ndege ya Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, yangu na ya mwanangu Moina.

"Baba Moina, zirudishe."

"Nimeshamwahidi kapteni. Yeye na rafiki yake wanataka kwenda kuvua samaki. Nani anawakatalia mamluki wa kizungu hapa Moroni? Na kile cheo alichoniahidi nitakipata. Nyinyi mtakwenda wiki ijayo."

"Daktari mgeni wa moyo anaondoka huko Ijumaa na mashine yake!"

"Mtoto anakula, anacheza. Unataka nini tena?"

Nilitaka picha. Moina alizaliwa na mshipa wa moyo ulioota pasipo pake. Walimpasua Reunion, wakauhamisha. Daktari wa huko alinionya, na Kifaransa changu cha shule ya jioni kilitosha kumwelewa: kovu laweza kuuziba mshipa huku mtoto anacheka. Moyo lazima uonekane.

Chanfi akaondoka na tiketi. Sikulia. Nilifungua sanduku lilelile nikatoa joho lake jeusi la nyuzi za dhahabu, alilolitunza kwa ndoa yetu kubwa, ile sherehe ambayo humpa mume nafasi ya kukaa na wazee. Bila hilo, atasimamaje mbele ya wazee? Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Bandarini nilimpa Saindou, nahodha wa meli ya mizigo, liwe nauli yetu. Alilipapasa.

"Dada, mwenyewe anajua?"

"Atajua."

Akacheka sana, akatupandisha.

Mutsamudu, daktari alipitisha kifaa kifuani mwa Moina. Moyo ukatokea kwenye kioo, unarukaruka. Alikirudisha kifaa palepale mara mbili, nikaushika mguu wa mwanangu. Kisha akasema, "Damu inapita vizuri. Mlete tena mwakani."

Nikapumua. Hasira haikuniisha.

Tuliporudi Moroni nilitupa nguo zote za Chanfi ngazini. Nyumba ni yangu, nimepewa na mama. Kwetu mume ndiye mgeni. Jioni akaja na wajomba zake, jasho linamtiririka. Alikuwa amemkuta Saindou msikitini, joho mabegani.

"Mwulizeni huyu mwanamke!" alifoka, majirani wanachungulia. "Mwulizeni kwa nini ameniaibisha!"

Wazee wakanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, Moina alitoka mlangoni, akasema kwa sauti:

"Baba alimpa mzungu tiketi yangu ya kwenda kupigwa picha ya moyo."