Mzima wa Kulinganishwa

Vidole vya daktari vilikuwa baridi shingoni kila mwaka, hata jua la kisiwa chetu cha Rongelap liwake namna gani.

"Mezeni mate," Jorkan, mkalimani, alituambia. Mdogo wangu Neimon akameza. Nami nikameza. Daktari akaandika, kwanza vipimo vya Neimon, kisha vyangu.

Siku Wamarekani walipolipua bomu lao la nyuklia na unga mweupe ukaanguka kutoka angani, Neimon alikuwa mtoto. Aliuchezea, akajipaka kichwani. Mimi nilikuwa kisiwa cha mbali, Majuro, kwa mjomba. Watu wakahamishwa, na waliporudishwa kisiwani nikarudi nao, nikakuta nina kazi: kuwa mzima. Kila meli ya madaktari ilipokuja walinipima ili wajue mdogo wangu angekuwaje lile bomu lisingelipuliwa. Nilimpita urefu. Nikazaa. Yeye mimba zake ziliharibika. Hakuna aliyenisema, ila wanawake walinyamaza nilipopita na mwanangu.

"Njoo, mzima wetu," Neimon alinitania, "uwaonyeshe wageni meno."

Mwaka mmoja vile vidole vilikawia shingoni mwake. Jorkan akatazama chini. "Ana uvimbe. Watamchukua Marekani wakamfanyie upasuaji."

"Niende naye. Nani atamsemea huko?"

"Wewe huumwi, dada."

"Basi sema naumwa!"

Neimon akacheka. "Usijitakie, dada. Nani atawalisha nguruwe wangu?"

Alirudi na kovu kama mkufu, na bila sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo kanisani. Sasa akifungua mdomo ulitoka upepo tu. Jumapili ya kwanza tulimsubiri kwa mazoea, mpaka mchungaji akaanzisha mwenyewe, vibaya.

Meli iliporudi, sikwenda. Nilikaa mlangoni kwa Neimon, tukimenya shelisheli la kuchoma. Jorkan akaja anahema.

"Dada, wanakungoja. Bila wewe hawana wa kumlinganisha naye."

"Wamlinganishe na yeye mwenyewe, alivyokuwa akiimba."

"Sasa mimi nikawaambie nini?"

"Waambie leo mimi si mzima."

Alivua kofia, akaishika kifuani kidogo, akaondoka. Nilidhani Neimon angefurahi. Hakuinua hata macho. Aliendelea kumenya, akibandua maganda meusi kwa kucha.

Meli ilipong'oa nanga ilipiga honi, na ndipo akanigeukia akasema kitu. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yakinguruma mwambani.

"Sema tena, mdogo wangu."

Akasema tena. Niliona midomo ikienda. Niliona macho yamejaa machozi, nisijue ni hasira au shukrani. Kumwomba aseme mara ya tatu sikuthubutu. Nikaitikia kwa kichwa, kama niliyesikia, naye akanikatia kipande cha shelisheli, bado cha moto, akakiweka kiganjani mwangu.