Upande wa Luming

Macho ya Anselmo yalikuwa yamekwisha kitambo, na uwanja mzima wa warusha ndege za rimoti ulijua. Ndege ikiwa karibu aliiona vizuri. Ikifika mbali iligeuka kidoa, hajui inampa pua au mkia. Ila miaka yote hiyo mkewe, Luming, alisimama nyuma yake, mkono begani. "Inakuja. Sasa inakwenda. Kata kushoto, mzee, umelala?" Ndivyo walivyorusha, watu wawili ndege moja, na aliyethubutu kuwacheka aliyapata kutoka kwa Luming.

Hii ya sasa waliiunda pamoja: mfano wa ndege ya zamani ya barua, imepunguzwa ikaenea mezani, rangi ya fedha juu, rangi ya fedha chini. Wenzao wa mkoa wa Pampanga huzipaka zao tumbo jekundu, zikiwa mbali wajue juu na chini. Anselmo alikataa katakata.

"Ile ya kweli haikuwa na tumbo jekundu."

"Haya, bwana," Luming alicheka. "Basi rangi nitakuwa mimi."

Homa ikamchukua Luming kabla hawajatia injini.

Kusawazisha ndege ya ukubwa ule ni kazi ya wawili: kila mmoja huinua bawa moja kwa kidole, na ndege yenyewe husema wapi imezidi uzito. Siku ya kuirusha, rafiki yao Isko alifika asubuhi akaenda kushika bawa la pili.

"Toka hapo! Hapo pa Luming."

"Kaka, nasaidia tu."

"Nisaidie kwa kukaa."

Akaiegemeza juu ya mbao mbili, peke yake. Mkia ukashuka. Akatia chubwi ya kuongeza uzito puani, akaongeza nyingine, hadi ndege ikatulia, pua imeinama kidogo tu. Alikuwa analia, wala hakujificha.

Walipofika uwanjani Isko akajaribu tena. "Angalau nisimame nyuma yako, nikuitie."

"Nikiwa narusha asinisemeshe mtu! Mmesikia nyote?"

"Tumesikia, kaka. Ukali wote huo wa nini?"

Ndege ikapaa. Lo, ilipaa! Haikuyumba, haikuinama, ilikuwa sawasawa kama walivyoiota. Hata muuza tambi akaacha kupakua. Anselmo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akaizungusha karibu, akaizungusha tena, kisha furaha ikamponza, akaiachia ipite juu ya mashamba ya miwa. Huko ikawa kidoa.

"Luming," akaita, kama alivyozoea, "inakuja au inakwenda?"

 Isko alipiga hatua kuelekea nyuma yake, akakumbuka amri, akarudi. Nani angethubutu kujibu swali lile?

Ilikuwa inakwenda. Anselmo alidhani inakuja, akaiongoza vilevile bila kuikata, akingoja ikue machoni. Haikukua. Mlio wa injini ukafifia, ukabaki upepo kwenye miwa, na yeye bado anangoja.

"Iko wapi?" akauliza mwishowe. "Isko, ndege iko wapi?"

"Imepotea, kaka. Imekwenda moja kwa moja."

"Na wewe uliiona? Mlikuwa mnaiona nyote? Mbona hamkuniambia!"

Isko machozi yalikuwa yanamtoka. "Hukutuuliza sisi, kaka."

Anselmo akageuka kutazama nyuma ya bega lake, pale pa Luming.  Isko akaja kumpokea rimoti, akambandua vidole kimoja kimoja, maana vilikuwa bado vinaendesha.