Chupa ya Sponji

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chupa alikuwa mtunza maabara wa shule, na wanafunzi walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna chupa iliyotoka kabatini bila yeye kujua. Kisha akaja mwalimu mpya wa biolojia, binti mwenye viatu vya raba na cheko la karibu. Haukupita hata mwezi, watoto wakawa wanamzunguka mpaka mlangoni. Wivu ukamkaba Mama Chupa. Sitamtetea: mtu mzima na akili zake, alikuwa anahesabu nani kasalimiwa kwanza.

Kilichomchoma zaidi ni nafasi moja ya kwenda chuoni kusomea uongozi wa maabara. Mkuu wa shule alisema atamtaja anayestahili kati yao wawili baada ya somo la Alhamisi la mwalimu huyo, mbele ya mkaguzi. Nafasi hiyo Mama Chupa aliisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Alhamisi asubuhi, kabla kengele haijalia, alibandua lebo ya chupa ya sponji wa baharini akaibandika kwa gundi kwenye chupa ya mwani, na ya mwani akaihamishia kwa sponji. Vyote viwili vilikuwa vimelala kwenye dawa ya kuhifadhi miaka mingi, rangi zimekwisha, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Aaibike mara moja tu, alijiambia, nami nipumue.

Somo likaanza. Mwalimu akainua chupa yenye lebo ya sponji.

"Huyu hana mdomo, hana tumbo, hana mishipa ya fahamu. Amekaa sehemu moja maisha yake yote. Mbona tunamwita mnyama?"

"Lebo imesema, mwalimu," alijibu mmoja, darasa likacheka.

"Haya, basi tumuulize mwenyewe."

Akakata kipande chembamba, akakiweka kwenye hadubini. Aliangalia kwa muda mrefu. Mama Chupa alisimama nyuma ya darasa na sinia la vioo mkononi.

"Njooni muone," mwalimu alisema taratibu. "Seli zina kuta, zimepangana kama vyumba. Seli za mnyama hazina kuta. Huyu si mnyama, ni mwani."

Akaifungua chupa ya pili, akakata tena. "Sponji ni huyu hapa. Ana seli nyingi, zisizo na kuta. Hajitengenezei chakula, anachuja maji na kula vilivyomo. Na alipokuwa mchanga aliogelea kabla ya kutulia. Ni mnyama rahisi kabisa, lakini ni mnyama."

Mkaguzi alikuwa ameshasimama, anaandika.

"Mtego huu si wangu," mwalimu akaongeza. "Aliuandaa Mama Chupa."

Makofi yakapigwa. Mkaguzi alisema hajawahi kuona maandalizi kama hayo, na mkuu wa shule akalitaja jina hapo hapo: Mama Chupa ndiye atakayekwenda chuoni. Aliitikia kwa kichwa.

Wanafunzi walipotoka, wawili hao walibaki wakisafisha meza.

"Hongera, mama," mwalimu alisema, bila kumtazama. "Gundi ya lebo ilikuwa bado mbichi."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nafasi hii ni yako tangu zamani. Kila mtu anajua."

Akachukua vitabu vyake, akatoka. Mama Chupa akabaki na sinia mkononi na alichokitaka maisha yake yote, na bado wivu haukumwacha. Sasa alimwonea binti yule wivu hata kwa roho yake nzuri.